Koinange yupi? Namna ya kuorodhesha mahali penye majina ya shule kongwe na waliosoma hapo

"Nilisoma Alliance High School pale Kikuyu. Shule ilianza mwaka 1926, na kwa ajili ya miaka mia moja wenzangu wamenikabidhi kazi ya kutengeneza orodha na ramani ya barabara, hospitali, vyuo na mahali pengine palipopewa jina la shule au la watu waliosoma pale. Nimefikisha majina 40: Kenyatta (barabara na uwanja wa ndege), Koinange, Tom Mboya, Ngala, Gichuru, Waiyaki, Jaramogi, na hata Alliance Française ya Nairobi. Rafiki yangu aliyesoma Maseno ananicheka, anasema nusu ya orodha ni ya kuokota. Nitajuaje jina lipi ni letu? Na tukitaka barabara iliyo karibu na shule ipewe jina la mmoja wetu, tuanzie wapi?"

Ndugu yangu, rafiki yako wa Maseno ana haki ya kucheka, ila asicheke sana, kwa sababu orodha yake ikiandikwa kwa mtindo huo huo itakuwa na matobo yale yale. Unachouliza ni maswali mawili: jina hili limetoka kwa nani, na huyo mtu alisoma wapi. Watu wengi huyajibu kwa pumzi moja. Wanaona jina maarufu kwenye kibao, wanakumbuka kwamba kuna mtu wa jina hilo aliyepita shuleni kwao, basi wanaandika. Kila swali lina ushahidi wake, na jina likikosa ushahidi wa lolote kati ya hayo mawili halistahili kuingia.

Tuanze kwa kupunguza, maana hapo ndipo utapata nafuu haraka.

Kenyatta mtoe. Alisoma Thogoto, kwenye misheni ya Waskoti, na alifika pale mwaka 1909, miaka 17 kabla Alliance haijafungua milango. Thogoto na Alliance ni majirani na historia zao zimeshikana, ndiyo maana kosa hili ni la kawaida, lakini ujirani si usomi. Kwa hiyo Kenyatta Avenue na uwanja wa ndege wa Embakasi, uliopewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978, haviingii. Ukitaka burudani kidogo, barabara hiyo ya Kenyatta zamani iliitwa Delamere Avenue, na Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alisoma shule ya Eton kule Uingereza. Waliosoma Eton ndio waliopoteza kibao pale, na ninyi hamkukipata.

Waiyaki naye mtoe. Waiyaki wa Hinga, ambaye Waiyaki Way imebeba jina lake, alifariki mwaka 1892 akiwa mikononi mwa Waingereza, miaka 34 kabla ya shule kuanza. Barabara kuelekea upande wa Kikuyu hakuifanyi kuwa ya shule.

Tom Mboya alisoma kwa Wakatoliki, Holy Ghost College ya Mang'u. Barabara yake, iliyokuwa Victoria Street, pamoja na sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 2011 mkabala na Jengo la Nyaraka za Taifa, ni mali ya orodha ya Mang'u. Na Mang'u wana bahati: Mwai Kibaki pia ni wao, na barabara ya Mwai Kibaki iko hadi Dar es Salaam, ile ambayo wenyeji wa Mikocheni na Kawe bado wanaiita Old Bagamoyo.

Alliance Française ni taasisi ya lugha na utamaduni wa Kifaransa. Neno limefanana tu. Shule yenu iliitwa Alliance kwa sababu ilianzishwa na muungano wa misheni za Kiprotestanti, na kwa kuwa wamisionari walipenda kuungana mahali pengi, neno hilo liliota kwingine pia. Dodoma kulikuwa na Alliance Secondary School, ambayo Oscar Kambona alipitia kabla ya kwenda Tabora. Baadaye shule hiyo iliitwa Mazengo, kwa jina la mtemi wa Wagogo, na tangu 2007 pale pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Ukikuta kumbukumbu ya Tanganyika inayosema "alisoma Alliance", usiruke kwa furaha. Angalia kwanza ni Alliance ya wapi.

Sasa Koinange, jina ambalo kwa hesabu yangu ndilo linaloharibu orodha nyingi zaidi. Koinange Street ya Nairobi, ambayo zamani ilikuwa Sadler Street, kwa jina la gavana wa Kiingereza, ilipewa jina la Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu. Mwanawe ndiye Peter Mbiyu Koinange, ambaye kweli alikuwa Alliance katika siku zake za mwanzo kabisa kabla ya kwenda Marekani kusoma, akarudi na kuongoza chuo cha ualimu cha Githunguri, kisha akawa waziri. Baba hakusoma Alliance. Mwana alisoma, lakini barabara si yake. Kwa desturi ya Wakikuyu jina la babu humrudia mjukuu, kwa hiyo Koinange na Mbiyu watapishana kizazi kwa kizazi, na asiyejua desturi hiyo atapotea mara moja. Dawa ni kuandika kila mtu kwa jina kamili pamoja na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Usiandike "Koinange" peke yake popote katika kazi yako.

Mtego huo huo uko kwa Odinga. Jaramogi Oginga Odinga ni wenu: alitoka Maseno, akaja Alliance, akaenda Makerere. Raila, mwanawe, alisoma Maranda. Kwa hiyo uwanja wa michezo wa Raila Odinga pale Homa Bay hauwahusu ninyi, lakini Oginga Odinga Street ya Kisumu inawahusu, na vivyo hivyo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo, kilichopata hati yake mwaka 2013. Hapa ndipo rafiki yako wa Maseno ataacha kucheka na kuanza kudai. Mwache adai, kwa sababu ana haki. Mtu aliyepita shule tatu ni wa shule tatu. Unachotakiwa kufanya ni kuandika wazi "alisoma pia Maseno na Makerere", wala usijifanye kwamba shule yenu peke yake ndiyo iliyomlea.

Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu inastahili maelezo marefu kidogo kuliko mstari mmoja, kwa sababu inaonyesha jinsi jina linavyoweza kuwa na tabaka. Ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, msaada ambao Odinga mwenyewe alihusika kuutafuta. Ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969 na Rais Kenyatta. Siku hiyo wawili hao walirushiana maneno hadharani, ghasia zikazuka, walinzi wakafyatua risasi na watu wakauawa. Siku chache baadaye Odinga akatiwa kizuizini na chama chake cha KPU kikapigwa marufuku. Kwa miaka mingi jina rasmi lilikuwa New Nyanza, na baadaye ndipo hospitali ikapewa jina la mtu ambaye ufunguzi wake ulimpeleka kizuizini. Na ukipanda bodaboda Kisumu leo ukasema "nipeleke Russia", utafika pale pale. Kwa hiyo kwenye kadi yako ya mahali hapa kuna majina matatu: la kwanza la serikali, la sasa la serikali, na la watu. Yote matatu yaandike. Orodha inayobeba jina rasmi tu itamkanganya mgeni atakayeuliza njia.

Wanaobaki ni akina nani? Ronald Ngala yumo: alipita Alliance kisha Makerere, akarudi kufundisha, akaongoza chama cha KADU, akafariki Desemba 1972. Ana barabara katikati ya Nairobi, na Chuo cha Utalii cha Ronald Ngala kiko Vipingo, Kilifi. James Gichuru yumo: alisoma pale, akafundisha pale pia, akawa waziri wa kwanza wa fedha, na barabara yake iko Lavington. Gichuru atakulazimisha kuamua jambo moja mapema: walimu wasiosoma pale mnawahesabu? Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu tangu 1940 hadi 1962, ndiye mtu anayetajwa zaidi katika historia ya shule, lakini hakuwa mwanafunzi wake. Ushauri wangu ni kuwawekea walimu sehemu yao. Ukiwachanganya, kichwa cha orodha kitakuwa kinasema uongo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni mwelekeo wa jina. Je, mahali paliitwa kwa jina la shule, au shule iliitwa kwa jina la mahali? Makerere ni kilima kwanza, chuo kikafuata. Mang'u ni mahali kwanza. Shimo la Tewa ya Mombasa inataja samaki, na hakuna shule iliyomzaa samaki. Kwa upande mwingine, University Way ya Nairobi ilifuata chuo kikuu. Jina huweza pia kusafiri hatua zaidi ya moja. Mji wa Rugby kule Uingereza ulizaa jina la shule ya Rugby iliyoanzishwa 1567, na shule ikazaa jina la mchezo wa raga. Mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, Frederick Selous, aliuawa vitani Beho Beho, Tanganyika, tarehe 4 Januari 1917, na pori kubwa la akiba la kusini likaitwa kwa jina lake. Mwaka 2019 sehemu ya pori hilo, kilomita za mraba 30,893, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nyerere alisoma Tabora. Ardhi ni ile ile na kaburi la Selous bado liko humo, lakini kibao cha langoni kimehama kutoka mwanafunzi wa Rugby kwenda mwanafunzi wa Tabora.

Kwa majina yanayotokana na shule yenyewe, mambo huenda kwa mpangilio unaojirudia. Kwanza makanga wa matatu wanahitaji neno fupi la kuita kituo, wanachukua jina la shule. Kisha wenye maduka wanaliandika juu ya milango. Mwenye kugawa viwanja analiweka kwenye tangazo. Mwisho kabisa, miaka mingi baadaye, kaunti inaweka kibao. Kwa majina ya aina hii hutapata waraka wa siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza ilikuwa sauti ya makanga. Ushahidi wake ni ramani za zamani: tafuta toleo la mwisho la ramani ambalo halina jina hilo na toleo la kwanza lenye nalo. Jina lilizaliwa kati ya hayo mawili, na hivyo ndivyo utakavyoandika: "kati ya mwaka fulani na mwaka fulani".

Majina ya watu ni tofauti, yanaamuliwa na kikao. Nairobi ilibadilisha majina kwa wimbi baada ya uhuru, na waliopewa heshima walikuwa wapigania uhuru, mawaziri wa kwanza na waliokufa mapema. Wengi wao walikuwa vijana katika miaka ambayo shule za sekondari za Waafrika zilihesabika kwa vidole: Alliance, Maseno, Mang'u, Yala na chache nyingine. Ndiyo sababu shule hizo zinajirudia kwenye vibao. Hii ina maana moja ambayo inabidi uiheshimu unapoandika utangulizi: Ngala hakupewa barabara kwa sababu alisoma Alliance. Alipewa kwa kazi aliyoifanya baadaye. Usomi wake ni habari ya pili, ya kweli, lakini ya pili.

Sasa kazi yenyewe. Kwa kila jina fungua kadi moja, ya karatasi au ya lahajedwali, yenye vitu hivi: jina kama lilivyoandikwa kwenye kibao, herufi kwa herufi, jina wanalotumia watu, majina ya zamani, ni kitu gani (barabara, hospitali, bweni, uwanja), mtu kamili na miaka yake, miaka aliyokuwa shuleni na waraka unaothibitisha, nani aliamua jina na lini, na alama ya uhakika. Alama tatu zinatosha: A kwa jina lenye waraka wa uamuzi na uthibitisho wa shule, B kwa lenye kimoja kati ya hivyo viwili, C kwa linalotegemea masimulizi tu. Za C usizitupe, ila zisichapwe kwenye ramani.

Uthibitisho wa shule unatoka kwenye daftari la uandikishaji la shule. Nenda ofisini na barua ya chama, omba kuliona pale pale, nakili namba ya uandikishaji na mwaka. Usiridhike na hotuba ya mazishi wala wasifu wa kampeni. Huko watu huongezewa shule kama wanavyoongezewa sifa. Kwa walio hai, omba ruhusa kabla ya kuchapisha miaka yao ya shule.

Uamuzi wa jina tafuta kwanza katika Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya. Matoleo yake ya tangu zama za ukoloni yamewekwa mtandaoni na yanatafutika kwa maneno. Tafuta kwa jina la zamani, si jipya tu: ukiandika "Sadler Street" utapata mambo ambayo "Koinange Street" haikuonyeshi. Jaribu tahajia zote, kwa kuwa wapiga chapa wa zamani waliandika Mangu bila kibainishi na waliunganisha majina mawili kuwa moja. Lakini si kila uamuzi wa baraza la jiji uliingia gazetini. Ukikosa huko, mihutasari ya vikao vya baraza ndiyo inayofuata, na hiyo haipatikani kwa simu. Hapa lazima uende mwenyewe Jengo la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Nenda na kitambulisho, penseli na orodha fupi ya majina matano tu kwa siku, ukamwombe mhudumu orodha za majalada ya Baraza la Jiji. Anayefika na majina 40 hurudi nyumbani bila hata moja.

Kwenye ramani, barabara ni mstari wenye mwanzo na mwisho, usiiweke kama nukta. Njia moja inaweza kubadili jina njiani: ukitoka Westlands kwenye Waiyaki Way unajikuta Uhuru Highway, kisha Mombasa Road, na hujageuza usukani. Andika makutano ya mwanzo na ya mwisho. Kwa majengo, chukua viwianishi (namba za latitudo na longitudo) kwenye lango, si katikati ya paa, kwa nukta tano za desimali, ambazo zinakupa usahihi wa kama mita moja. Na angalia alama ya kutoa. Nairobi iko kusini mwa ikweta, latitudo yake ni takriban -1.28. Ukisahau kale kastari kadogo, barabara ya Ngala itahamia kilomita zaidi ya 280 kaskazini, karibu na Maralal, kwa mifugo ya Wasamburu.

Kuhusu ombi la barabara mpya, hatua ya kwanza ni kujua barabara hiyo ni ya nani. Serikali ya taifa ina mamlaka tatu za barabara: barabara kuu za taifa ziko chini ya KeNHA, za mijini zilizo za taifa chini ya KURA, za mashambani zilizo za taifa chini ya KeRRA, na zinazobaki ni za kaunti. Mkiomba kwa asiyehusika, barua italala. Kikuyu iko Kaunti ya Kiambu, kwa hiyo kama barabara ni ya kaunti, ombi linakwenda bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 15, inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi kwa bunge hilo. Muoneni mwakilishi wadi kabla ya kuandika, kwa sababu yeye ndiye atakayelitetea ukumbini, na atataka kujua wakazi wanasemaje.

Ombi lenyewe lisizidi kurasa tatu. Litaje barabara inaanzia wapi na kuishia wapi na urefu wake, jina ililo nalo sasa kama lipo, sababu za kupendekeza jina, barua ya ridhaa ya familia, na saini za wanaoishi au kufanya biashara kwenye barabara hiyo. Saini za wanafunzi wa zamani walioko London na Dallas zinapendeza, lakini anayebadilishiwa anwani ni mwenye kibanda pale barabarani. Ambatisheni ramani.

Mtakwama wapi? Kwanza, kwenye familia. Tahajia ya jina, cheo kiandikwe au kisiandikwe, na nyumba ipi ya marehemu inasemea wengine: haya yamalizwe na barua moja iliyosainiwa na wote kabla bunge halijaliona ombi. Kukiwa na mvutano wa urithi, au jina likigusa kiwanja chenye hati, msiendelee bila wakili na mpima ardhi aliyesajiliwa. Pili, kwenye jina lililopo. Kufuta jina ambalo watu wamelizoea kunaleta uadui, na mara nyingi hata halifutiki, Russia ya Kisumu ni shahidi. Mimi ningechagua barabara isiyo na jina kabisa, hata iwe fupi ya mita 300, badala ya kupigania ndefu yenye jina.

Na kama haraka yenu ni sherehe, ombi la kaunti halina hakika ya kumalizika kwa tarehe mnayoitaka. Maktaba, ukumbi au njia ya ndani ya shule inaamuliwa na bodi ya shule yenyewe, na kibao chake mnaweza kukifunua huku ombi la barabara likiendelea na mwendo wake. Kwenye kibao hicho wekeni jina kamili, miaka ya kuzaliwa na kufa, na miaka aliyokuwa shuleni.